Masaa 72 hayangojee woga wetu

Wandugu vijana wa Lubumbashi, wa Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, Kamalondo na Annexe,

Leo hatuandike juu ya umeme wala juu ya barabara. Tunaandika juu ya jambo moja ambalo tunalizungumza usiku tu, tena kwa sauti ya chini: ile wiki ambayo mtu anaishi kama maiti juu ya usiku mmoja. Kapoti ilipasuka, ao haikukuwako kabisa. Asubuhi kichwa kinaanza kuhesabu: alikuwa na nani mbele yangu? Na yule wa mbele, yeye alikuwa na nani?

Sisi tulipitia pale. Tuko watano, tuko na diploma za UNILU ndani ya mafarde, kazi hakuna. Wakati kazi inakosa, woga njo inageuka kazi, unaamka nayo na unalala nayo. Mmoja wetu alikaa siku tisa anatafuta ku simu: joto ya mwili, koo, jasho ya usiku, vipele. Alikuwa navyo vyote. Lakini malaria pia inaleta joto ya mwili na jasho, na mtu asiyelala wala kula siku tisa atakonda bila kirusi hata kimoja. Kila asubuhi alienda kupanda ku mizani ya farmasi moja ya kartie, mpaka mwenye mizani akamuuliza: "Petit, uko unafanya bokse?"

Siku ya tisa njo alikuja kutuambia. Na sisi, wasomi, tulimujibu nini? Omba Mungu, itapita. Hilo ni kosa letu, tunalikubali hapa mbele ya wote. Maombi hatuna shida nayo, wengi wetu tunasali. Shida ni kwamba ndani ya zile siku tisa, tatu za kwanza zilikuwa za dawa, na hakuna kati yetu aliyejua.

Dawa ile inaitwa PEP. Ni za jamaa moja na zile wanazomeza watu wenye VIH. Unazimeza siku 28 bila kuruka, na ni lazima uanze kabla ya masaa 72 kupita tangu ile saa ya hatari. Masaa ya kwanza ni bora kuliko siku ya tatu. Kiisha pale hawakupi tena, kwa sababu virusi, kama viliingia, vimeshajenga nyumba. Hesabu mwenyewe: ukilala na mtu siku ya tano usiku, siku ya kwanza usiku mlango umefungwa. Na katikati kuna siku ya posho na siku ya yenga, wakati munganga wa kituo chenu yuko kwake. Kama masaa yako yanakimbia sasa hivi, acha kusoma, simama uende, utamalizia hii kesho.

Mwingine wetu alikimbia mapema, masaa 20 hayajapita. Kituo hatutakitaja, juu muuguzi mmoja siye ugonjwa wa mpango mzima. Aliambiwa hivi, mbele ya wamama waliokuja kupimisha watoto kilo: "Ile dawa ni ya wenye kubakwa na ya wauguzi wenye kujichoma sindano. We ulibakwa?" Akasema hapana. Akatoka. Kesho yake aliipata kwingine, kwa kujuana. Aliyebakwa ahudumiwe wa kwanza, hakuna atakayebishana na sisi hapo. Lakini kijana anayekuja kwa miguu yake mwenyewe kusema "nilikosea usiku wa jana" anafanya kile kile serikali inachomwomba ku maafishi kila tarehe 1 mwezi wa 12. Kumufukuza kwa swali kama lile ni kumufundisha asirudi. Na yule asiye na mtu wa kujuana naye, je?

Woga huu hatukuuzaa sisi. Tuliukuta nyumbani. Wazazi wetu walikuwa vijana wakati Franco alipotoa "Attention na SIDA", mwaka 1987, na wakati ule dawa ya kumusimamisha mtu haikukuwako. Dawa tatu kwa pamoja zilianza kuokoa watu ku Ulaya na Marekani mwaka 1996 hivi, kwetu zikachelewa miaka mingi. Wao walizika. Njo maana mama akisikia neno sida anaona sanduku. Tunamuelewa. Lakini sisi tunaendelea kuogopa ugonjwa wa mwaka 1987 wakati tunaishi na ule wa leo, na ule wa leo uko na kidonge kimoja kwa siku.

Kuna pia ile hadithi ya "ugonjwa wa wengine": ni wa madereva wa makamio ya Kasumbalesa, ni wa Wazambia, ni wa mabinti wa usiku. Watafiti walisoma virusi vya zamani na vya sasa, wakatoa matokeo ndani ya jarida la Science mwaka 2014. Wanasema ugonjwa ulianza kusambaa Kinshasa karibu mwaka 1920, ukafuata njia za wasafiri, reli kwanza, na Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, ni kati ya miji ya kwanza kufikiwa. Reli ya BCK ilikuwa imeunganisha Katanga na Ilebo tangu 1928. Maana yake uko humu tangu wakati wa babu zetu, mbele ya Kasumbalesa kuwa na parkingi. Hauko wa mtu fulani.

Tuseme pia juu ya kipimo, kwa sababu hapo njo watu wanajiua bure. Ukipimisha siku ya tatu, ile damu inakuambia habari ya zamani yako, haisemi kitu juu ya usiku ule. Vile vipimo vya kuchoma kidole vinatafuta alama ambayo mwili unatengeneza wakati unajibu virusi, na mwili unahitaji wiki kadhaa. Ukipimisha kiisha miezi mitatu na ikatoka negatif, na hukujitia tena katika hatari, basi ni negatif. Aliyemeza PEP aulize munganga wake aanze kuhesabu wapi. Na ujue hii: hata kama yule mtu ana virusi na hamezi dawa, kulala naye mara moja, mwanaume na mwanamke kwa njia ya kawaida, kwa kadiri ni chini ya mara moja kwa mia ndiyo virusi vinapita. Siyo ruhusa ya kutupa kapoti, na mtu akiwa na vidonda ao ugonjwa mwingine wa zinaa hatari inapanda. Ni sababu tu ya kutojizika mbele ya wakati.

Yule wa siku tisa alikuta negatif. Mnafikiri iliisha? Alizunguka vituo sita. Kila karatasi alisema mashini ilikosea. Pale si virusi tena, ni woga peke yake, na woga ule hauponi kwa sindano ya saba. Unataka mtu wa kuongea naye, mwenye kufundishwa, anayefunga mlango na mdomo. Hapa kwetu mtu wa namna ile ni adimu, tena anafikiriwa kuwa wa wazimu tu.

Mdomo, hiyo njo habari yenyewe. Watu wengi hawaogopi sindano, wanaogopa corridor. Muuguzi ni jirani ya shangazi. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 mwezi wa 7, 2008 inalinda siri ya matokeo, na inakataza mwajiri kudai kipimo cha VIH kabla ya kukupa kazi. Sisi wenye kutafuta kazi, wakati mwingine ku makampuni ya migodi, tuijue kwa kichwa. Ukipewa karatasi ya vipimo vya kuajiriwa, isome mstari kwa mstari mbele ya kutoa mkono.

Na feza? Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 rais wa Marekani alitia sahihi, misaada ya inje ikasimama siku 90. Haut-Katanga ilikuwa kati ya majimbo ambako PEPFAR ilikuwa inafanya kazi, pamoja na Lualaba na Kinshasa. Ruhusa ya dawa za VIH ilitolewa kiisha siku chache, lakini siku zile watu walienda ku vituo bila kujua kama watarudi na chupa. Sahihi moja ya Washington, na Katuba watu hawalale. Wakati huo huo makamio ya shaba na kobalti yanapita mbele yetu mchana na usiku. Wakubwa wa Afrika waliahidi Abuja, mwaka 2001, kutia 15 kwa mia ya bajeti ku afya. Tunauliza gavana na wabunge wa jimbo: ndani ya bajeti yenu, mstari wa dawa za VIH uko ukurasa gani? Na PEP ya siku ya posho usiku iko wapi, ku mlango gani, na nani anaufungua bila kuuliza swali la aibu? Tunataka jibu la maandishi, tutalibandika hapa.

Tulisema tuko watano. Mmoja wetu alikuta pozitif, na mbele ya kutuma maandishi haya tulimuuliza kama tuyaache. Alicheka. "Andikeni," alisema, "lakini muandike kama miye njo nilikuwa wa kwanza kulala usingizi. Nyie mulikuwa mungali munazunguka na mizani." Anameza kidonge chake saa mbili ya usiku. Virusi vyake havionekane tena ku kipimo, na mtu wa namna ile hapitishi virusi kwa mwenzake wa kitandani, walimweleza vizuri. Saa mbili njo saa ya bukari kwetu, basi sisi wengine tunamkumbusha, mkono ukiwa ndani ya sahani ile ile.