Udi, Mkeka na Kumbukumbu za Utotoni

Moshi wa udi ukipita ukumbini, mara hutujia sauti ya bibi aliyekwishatangulia mbele ya haki. Sababu ipo: harufu hufika katika sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza kituo kinachopokea habari za macho na masikio. Basi, wazazi na walimu wa madrasa, tujiulize: miaka 30 ijayo, mtoto wetu akinusa mkeka wa ukindu na kurasa za juzuu, atakumbuka herufi alizofundishwa kwa upole, au bakora? Kumbukumbu hiyo tunamwandalia leo. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumwachia iliyo njema. Amin.