Eti Diski Hii Haili Stima?

Nimepotea wiki kadhaa, na leo narudi na kisa ambacho kusema kweli nilitaka kukizika. Kosa ni langu mwenyewe, lakini bora mjifunze kwangu kuliko kwenu.

Mzee mmoja mwenye duka la simu kule Likoni, si mbali na kivuko cha feri, aliniomba nimbadilishie diski kwenye mashine yake ya kurekodi kamera za CCTV. Ya zamani ilikuwa ndogo, ikijaa baada ya siku nne inaanza kufuta. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, lakini mtaani ukishaitwa "mtu wa kompyuta" basi hata antena utafunga. Nikatoka Kisauni, nikapita mjini kununua diski, nikavuka feri, nikaifunga. Kwenye sanduku waliandika kwa herufi za kijani: wati 3.4. Nikamwambia, "Mzee, hii haili stima. Hata wakikata, betri yako itakupeleka saa saba."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Mashine inakula wati 8, diski 3.4, jumla 11.4. Kamera zina betri yake nyingine. Gawanya 84 kwa 11.4 unapata saa saba na kitu. Nikalipwa, nikarudi nyumbani.

Usiku mmoja stima ikapotea saa nne. Ikarudi saa tisa. Karibu na adhana ya alfajiri jirani akasikia vishindo, na asubuhi mlango umevunjwa, simu kumi na moja hazipo. Tukafungua rekodi. Picha ya mwisho ni ya saa sita na dakika kumi usiku. Baada ya hapo hakuna kitu, hata baada ya stima kurudi.

Mzee hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si uliniambia hii haili stima?"

Sasa tuulizane: je, kampuni ilinidanganya? Nimeisoma karatasi ya vipimo mstari kwa mstari, na jibu ni hapana. Tena hapo ndipo penye ubaya. Namba ni ya kweli, lakini si namba ya kazi yangu.

Diski ya kuzunguka haina kiwango kimoja cha umeme. Ina vinne: inapoamka, inapoandika au kusoma, inapozunguka bila kazi, na inapolala. Sandukuni watakuwekea ule unaopendeza. Kwangu, wati 3.4 ilikuwa ya kuzunguka bila kazi. Karatasi yenyewe ilisema wati 5.6 ikiandika. Mashine ya CCTV inaandika usiku na mchana, haipumziki hata dakika. Ni kama mtu akuuzie matatu akikupa hesabu ya mafuta inayotumia ikiwa imesimama stejini.

Na hapo bado. Umeme wa betri ulipitia inveta ukawa volti 240, kisha adapta ikaushusha tena kuwa volti 12. Kila kituo kinachukua ushuru wake kwa njia ya joto. Ukipoteza asilimia 30 njiani, wati 13.6 zinakuwa zaidi ya 19 kwenye betri. Tena betri ya risasi usiimalize yote, hesabu nusu: wati-saa 42. Gawanya sasa. Saa mbili na dakika kumi. Ndiyo maana rekodi ilikatika pale pale.

Kosa la pili ndilo lililoiba ushahidi. Diski inapoamka lazima izungushe sahani zake kutoka sifuri, na hapo ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Karatasi ilisema ampea 1.75 kwenye volti 12, yaani wati 21 kwa sekunde chache. Ongeza wati 8 za mashine, unapata 29. Adapta niliyoiacha pale ilikuwa ya ampea 2, wati 24 tu. Stima iliporudi saa tisa, diski ikajaribu kuamka, volti zikaanguka, mashine ikajizima na kuanza upya. Hivyo hivyo mpaka asubuhi. Ile namba ya kuamka haikuwa sandukuni. Ilikuwa chini kabisa ya karatasi, na mimi sikufika huko.

Mchezo huu wa namba si wa jana. Mwaka 2007 Western Digital walileta diski zao za GreenPower, wakajivunia kuokoa umeme, lakini mahali pa kuandika kasi ya mzunguko wakaandika neno IntelliPower. Waliozipima walikuta zinazunguka karibu mara 5,400 kwa dakika, badala ya 7,200 iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani. Umeme uliokolewa kweli, lakini sehemu kubwa ni kwa sababu diski ilipunguzwa mwendo. Pia nyingi ziliegesha vichwa vyake baada ya sekunde 8 bila kazi, huku zikiwa zimekadiriwa kuvumilia kuegesha mara 300,000. Kwenye seva ya Linux inayoandika kumbukumbu kidogo kidogo, tuseme inaegesha na kuamsha kila nusu dakika, hiyo ni mara 2,880 kwa siku. Siku 104 umemaliza kiwango. Unaokoa senti za stima, unanunua diski nyingine.

Mwaka 2013 HGST walitoa Ultrastar He6, diski ya terabaiti 6 iliyojazwa gesi ya heliamu. Walitangaza namba mbili: umeme wa kutulia umepungua asilimia 23 kwa diski, na asilimia 49 kwa kila terabaiti. Zote mbili sawa. Lakini ile 49 imetokana na kugawanya kwa terabaiti 6 badala ya 4. Kama una data ya terabaiti 2 tu, wewe wako ni 23.

Na mwaka 2020 watu waligundua kwamba baadhi ya diski za Western Digital zilizoandikwa "daraja la 5,400" zilikuwa zinazunguka mara 7,200. Waligundua vipi? Walirekodi mlio. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde, na 7,200 ni 120. Sikio la maikrofoni halisomi sanduku.

Kuna atakayesema, "Sasa wati mbili ni kitu gani?" Kwa mwenye stima ya kudumu, si kitu kikubwa. Wati 2.2 mwaka mzima ni uniti 19 hivi. Tuseme uniti ni shilingi 30, hiyo ni kama shilingi 580. Ukinunua pawa saplai nzuri utaokoa zaidi. Lakini kwa mwenye betri ni hadithi nyingine: kwa hesabu ile ile ya Likoni, hizo wati 2.2 ni karibu dakika 25 za kurekodi. Na huku kwetu pwani betri si anasa. Unaweza kukaa Changamwe, mitambo ya Kipevu unaiona kwa macho, na bado ukashika mshumaa.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi:

1. Nauliza kwanza diski itakuwa inafanya nini kutwa. Ya CCTV nasoma wati za kuandika. Ya kuhifadhi nakala mara moja kwa wiki nasoma wati za kulala.

2. Sizidishi volti na ampea za kwenye lebo nikaita hayo ndiyo matumizi. Mara nyingi zile ni za kumsaidia fundi kuchagua adapta.

3. Adapta naichagulia wakati wa kuamka, si wakati wa kutulia.

4. Napima mwenyewe: mashine ikiwa na diski, kisha bila diski, natoa. Napimia upande wa betri, kwa maana huko ndiko bili inakotoka.

5. Wiki ya kwanza naangalia Load_Cycle_Count kwa smartctl. Ikipanda mbio, naizuia kuegesha ovyo.

6. Kabla ya kuondoka nachomoa stima, nangoja izimike kabisa, narudisha. Jaribio hili la dakika tano lingeokoa simu kumi na moja.

Sisi waandishi wa programu tunacheka mtu akijaribu programu yake kwa rekodi kumi kisha akasema ina kasi. Mimi nilifanya vile vile kwa diski ya mzee wa watu.

Nilimpelekea adapta ya ampea 4 na betri kubwa zaidi kwa pesa zangu. Simu zake sikuweza kulipa. Bado ananikaribisha chai, na kila nikifika naichomoa ile mashine na kuirudisha, naye ananitazama tu.

Wewe unayo diski nyumbani? Ipime, uniambie umepata ngapi na sanduku linasemaje. Tukutane wiki ijayo, inshallah.