Kona ya Mwalimu: Ezra Alipima Kwanza

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe.

Muhula uliopita nilikabidhiwa madaftari 60 ya darasa langu, watoto nao 60. Sikuyahesabu wala kuandika popote, niliyaweka tu chini ya kitanda. Jioni mdogo wangu akasema hana daftari, nikampa mawili. Nikajisemea, ah, ni mawili tu. Siku ya kugawa, watoto wawili wa mwisho kwenye mstari wakabaki mikono mitupu. Watu wakaanza kumnong'ona kaka aliyebeba maboksi, kwamba ndiye mwizi. Mimi kimya.

Usiku usingizi ukakataa, nikasoma Ezra sura ya 8. Waisraeli walikuwa wanarudi kwao kutoka uhamishoni Babeli, safari ya karibu miezi minne. Walibeba mali ya hekalu, talanta 650 za fedha na talanta 100 za dhahabu, bila askari wa kuwalinda njiani. Ezra alikuwa kuhani, mtu wa kuaminika, lakini hakutaka aaminiwe hivi hivi. Alipima kila kitu mbele ya wakuu wa makuhani 12, ndipo akawakabidhi. Walipofika Yerusalemu walipumzika siku tatu, na siku ya nne vikapimwa tena mbele ya mashahidi, kwa hesabu na kwa uzito, vikaandikwa.

Hapo nikaelewa: utaratibu unamlinda mtu mwaminifu. Yule kaka hakuwa na karatasi ya kumtetea, sababu mimi sikuandika. Tena kitu cha watu hakiwi changu eti kwa kuwa ni kidogo.

Asubuhi nilimwambia mwalimu mkuu ukweli. Mbele ya wenzangu nikamwomba yule kaka msamaha. Aibu niliisikia, kweli. Madaftari mawili niliyanunua sokoni kwa pesa yangu ya motisha.

Siku hizi darasani kuna daftari la kuandika kilichoingia, kilichotoka, tarehe, na sahihi za watu wawili.

Na nyumbani je? Posho ikifika, ipimeni wote mkiona, baba, mama na watoto. Kadi na karatasi zote zikae mfuko mmoja. Mtoto aliyezoea hesabu ya wazi, kuficha atajifunzia wapi?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.