Usifungue mfuko wa kinga njaa kila Jumamosi

Ndugu mkulima, mfuko wa kinga njaa, yaani PICS, hauna dawa. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kiliubuni kwa ajili ya kunde za Kameruni: nailoni mbili ndani, kiroba nje, kila kimoja kinafungwa peke yake. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Sasa wewe unafungua kila Jumamosi kuchota mtama wa kusaga, unawarudishia hewa, halafu unasema mfuko ni feki!

Mtama wa kula sasa weka kwenye kiroba cha kawaida. Kinga njaa iache mpaka Januari na Februari, debe likiwa halishikiki kwa bei. Ila kausha kwanza. Tia nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mtama juani.