Kijitabu si kitabu

Shule zinapofunguliwa, wazazi wengi hujikuta na orodha ndefu ya vitu vya kununua. Mtoto husema, "Mama, mwalimu anataka kitabu cha fasihi." Mama hutoa pesa. Jioni mtoto hurudi na mwongozo mwembamba, wenye muhtasari wa riwaya na sifa za wahusika. Riwaya yenyewe imebaki dukani.

Je, nani wa kulaumiwa? Mtoto aliomba kitabu cha fasihi, na muuzaji akampa kilichokuwa karibu. Tatizo limo katika neno lenyewe, maana halikutosha.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha vitu hivi. "Kitabu" ni neno lililotoka katika Kiarabu, na ile "ki" ya mwanzo haionyeshi udogo hata kidogo. Ukitaka udogo, unapachika "ji": kitabu huwa kijitabu, kama vile mto unavyokuwa kijito. Daftari ni la kuandikia. Mwongozo ni wa kumwelekeza msomaji wa kitabu kingine. Kipeperushi ni karatasi ya kugawiwa watu njiani. Jarida hutoka kwa vipindi, kila juma au kila mwezi.

Lakini kijitabu huishia wapi na kitabu huanzia wapi? Mwaka wa 1964 shirika la UNESCO liliweka mpaka, ili nchi mbalimbali zihesabu vitabu vyao kwa kipimo kimoja. Chapisho lenye kurasa 49 au zaidi, bila kuhesabu jalada, ni kitabu. Lenye kurasa 5 hadi 48 ni kijitabu. Na hapo pia tahadhari, kwani ukurasa si karatasi. Karatasi moja ina kurasa mbili, kwa hivyo kurasa 48 ni karatasi 24 tu.

Hicho ni kipimo cha takwimu, si sheria ya nyumbani. Hadithi nyingi za watoto wa madarasa ya chini hazifiki kurasa 49, lakini hakuna mzazi anayemwambia mwanawe, "Soma kijitabu chako." Wala kijitabu si kitu cha kudharauliwa. Kile cha kliniki anachopewa mama mja mzito kina habari zinazoweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Muhimu ni kukiita kitu kwa jina lake. Katika mtihani wa KCSE, mwanafunzi hupewa dondoo na kutakiwa aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini. Aliyesoma mwongozo pekee atatapatapa, maana muhtasari haubebi maneno yote ya wahusika. Mwongozo ni msaidizi. Hauwezi kukalia kiti cha riwaya.

Basi mzazi, kabla ya kufungua mkoba, muulize mwanao: ni riwaya, tamthilia au mwongozo? Mwandishi ni nani? Ni toleo gani? Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi atakayoenda nayo dukani. Nawe mwanafunzi, kama hujui, rudi kwa mwalimu. Kuuliza si ujinga, na hakugharimu hata senti moja. Kununua mara mbili ndiko kunakoumiza.