Mikrobi si jina la ugonjwa tu



Kila tunapoleta unga wa rizobiumu wa kupakaa kwenye mbegu za soja, swali la kwanza hapa Luvungi ni lile lile: «Sasa munatuletea mikrobi mu shamba?» Hatushangae. Kutoka huku Ruzizi mpaka Uvira, neno hili tulilijua kupitia kolera: chemsha maji, nawa mikono, ua mikrobi. Ni kweli kabisa, na tuendelee kunawa. Lakini tulipokea nusu ya maana.

Neno lilitoka Ufaransa mwaka 1878. Muganga Sédillot alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki: kidogo, na uzima. Basi mikrobi ni kiumbe hai kidogo sana, jicho haliwezi kukiona. Kuko zenye kuua, kuko zenye kusaidia, na nyingi hazina habari na sisi.

Mama akiloweka muhogo siku tatu ao ine, nani anaulainisha na kupunguza sumu yake? Mikrobi. Na maziwa yakiwa mashanza? Mikrobi tena, na tunakunywa bila woga. Rizobiumu nayo inaingia kwenye mizizi ya soja, inatengeneza vifundo, na humo inakamata azoti ya hewa na kuipatia mmea. Mmea unailipa kwa sukari. Azoti hiyo hiyo, dukani tunainunua kwa mufuko.

Kwa hiyo kutupa unga ule kwa sababu ya jina ni hasara. Kuna hasara nyingine tunayoiona zaidi: mtu anaenda kuomba «dawa ya mikrobi» bila kutaja ugonjwa. Muuzaji atatoa chupa iliyo karibu (naye anatafutia watoto chakula). Muhogo wenye mozaiki hauponi kwa pompi yoyote. Mozaiki ni virusi, inaletwa na vinzi vyeupe na vijiti vyenye ugonjwa. Ngoeni mmea ule, mupande vijiti vizima. Tajeni ugonjwa kwa jina lake, ao mulete jani tulitazame pamoja.

Msimu A unakaribia. Rizobiumu iko hai, na jua linaiua: pakaeni mbegu kivulini, mupande siku ile ile. Soja ikitoa maua, chimbueni mmea mmoja polepole, mupasue kifundo kwa ukucha. Ndani kukiwa kwekundu, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe ao kijani, mutuite.