Usifute akaunti kwa sababu ya kosa moja

Wauzaji wenzangu, nawaona wengi: oda moja ikiharibika na mteja akikuanika kwenye komenti, unafuta akaunti na kuanza na jina jipya. Mimi sikubaliani na hilo.

Mcheki Sean Landeta, wa ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti. Kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali pale timu yake inapokwama. Januari 1986, mechi ya mtoano jijini Chicago, upepo uliuyumbisha mpira alipouachia apige. Mguu ukaugusa kidogo tu, Bears wakauokota na kufunga. Timu yake, Giants, ikalala 21-0, watu wakiona kwenye TV.

Hakujificha. Januari 1987 akabeba ubingwa wa Super Bowl na Giants haohao. Baadaye alihama timu hadi timu, zikafika tano, na 2005 bado alikuwa anapiga, akiwa na miaka 43.

Ukifuta akaunti, unafuta na komenti zote za wateja walioridhika. Mjibu huyo aliyelalamika palepale, mrudishie hela au mbadilishie mzigo, kesho posti kama kawaida. Anayesoma ataona kosa, ataona na ulivyolimaliza.